Motokaa Zetu na Watu Tunaowachukua

Maneno yaliyosemwa na Karani wa Chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Mwabungo



Kamati imeniagiza niseme juu ya utunzaji wa motokaa na usalama njiani, nami nimekubali, ijapokuwa kazi yangu ni ya kalamu na daftari wala si ya spana. Labda wengine watauliza: je, mafundi wamekwisha Ukunda hata karani asimame kuwafundisha madereva? La, mafundi wapo, na baadhi yao wameketi hapa mbele yangu. Mengi nitakayosema nimeyapata kwao kwa kuwauliza-uliza. Lakini fundi huiona motokaa yako siku iliyoharibika tu. Siku nyingine zote aliye karibu nayo ni wewe mwenyewe, na maneno yangu ya leo ni juu ya siku hizo nyingine.

Sababu ya kamati kulitaka jambo hili ni hii. Chama chetu ni cha kusaidiana katika maradhi na misiba. Mtu akizidiwa na ugonjwa usiku hapa Mwabungo, au mama akishikwa na uchungu, mara nyingi hatungoji gari la hospitali. Twagonga mlango wa jirani mwenye motokaa, naye huamka, akatia ufunguo, tukaenda Msambweni. Basi motokaa za wanachama, hata ile Probox kuukuu ambayo mchana hubeba magunia ya nazi, usiku ndizo gari letu la wagonjwa. Isipowaka, au ikiwaka na breki zake zisishike, hasara haimpati mwenyewe peke yake.

Mnazijua habari za nchi. Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA, ilihesabu watu zaidi ya 4,000 waliokufa katika barabara za Kenya mwaka wa 2022, na tena zaidi ya 4,000 mwaka wa 2023, na tena mwaka wa 2024. Wengi wao walikuwa watu waendao kwa miguu na wapandao pikipiki. Sisemi kwamba wote waliuawa na ubovu wa magari. Mwendo wa kasi, ulevi na usingizi vina sehemu kubwa sana. Lakini kuna makosa mengi ya dereva ambayo breki njema na tairi njema humwokoa nayo, asijue hata siku moja kwamba aliokolewa.

Sisi wa pwani tunaye adui ambaye watu wa bara hawamjui vizuri, naye ni chumvi. Upepo wa kusi uvumapo, tangu masika mpaka mwezi wa tisa, huchukua manyunyu ya bahari ukayaleta mpaka majumbani mwetu. Mabati ya nyumba yatoboka, misumari yageuka unga. Sembuse chuma chembamba cha motokaa? Siku ya Jumamosi utawaona vijana wakiiosha motokaa kwa sabuni na kuipaka nta hata mtu aweza kujitazama uso. Ni kazi nzuri wala siikatazi. Lakini chini ya motokaa, mahali ambapo hapana mtu ajitazamaye, pana mabomba membamba ya chuma yapitishayo mafuta ya breki, pana waya wa breki ya mkono, pana vyuma vishikavyo magurudumu, na huko ndiko chumvi ilalako. Twaosha panapoonekana, na pasipoonekana twapaachia kutu. Motokaa iliyoshuka ufukoni kuchukua samaki au mchanga, ikirudi imwagiwe maji yasiyo na chumvi chini kwanza, kisha juu. Na angalau mara mbili kwa mwaka, motokaa ipandishwe, fundi apitishe kidole na taa juu ya mabomba yale. Bomba lililovimba kwa kutu halina budi kubadilishwa siku hiyo hiyo, hata kama bado halivuji.

Nataka kukaa kidogo katika habari ya breki, kwa kuwa ndipo nilipoona watu wengi hawana maarifa, na mimi nilikuwa sina mpaka nilipofundishwa.

Breki za motokaa hazivutwi kwa waya kama za baisikeli, isipokuwa ile ya mkono katika motokaa zilizo nyingi. Unapokanyaga, mguu wako husukuma mafuta yaliyomo katika bomba, na mafuta hayo husukuma pedi zikaibana sahani ya chuma iliyo katika gurudumu. Mafuta hayakubali kushindiliwa yakapungua, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika yote. Lakini hewa hushindilika, na mvuke pia hushindilika. Sasa basi, mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani, na hewa yetu hapa haikosi unyevu. Mafuta mapya yaandikwayo DOT 3 yapasa yasichemke mpaka yafike nyuzi 205 za Selsiasi. Yakisha kunywa maji, kiwango cha chini kinachokubaliwa hushuka mpaka nyuzi 140.

Nyuzi hizo zina maana gani kwetu? Mtazameni dereva ashukaye na mzigo kutoka Kwale kuja Kombani. Mguu ameuweka juu ya breki tangu juu kilimani. Sahani zapata moto, pedi zaanza kunuka, mafuta yachemka ndani ya bomba, na mvuke wake waingia kati. Afikapo kwenye kona akanyaga, na mguu wazama mpaka chini kama akanyagaye godoro. Watu husema kona ile ina shetani. Mimi sitaki kubishana na mtu juu ya mashetani, lakini nasema kwanza yaulizwe mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mafundi wengi hushauri miaka miwili isipite. Na katika kuteremka, itieni motokaa gia ndogo kabla ya mteremko, injini yenyewe iizuie. Wenye motokaa zijibadilishazo gia wapeleke mkono mpaka penye 2 au L. Herufi zile hazikuwekwa pale kwa urembo.

Breki haziharibiki bila kupiga hodi. Zikilia kama chuma kwenye jiwe, pedi zimekwisha. Mguu ukiona ulaini, kuna hewa ndani. Mguu ukizama polepole hali umekanyaga na motokaa imesimama, kuna mahali panapovuja, nayo haifai kutoka nyumbani. Motokaa ikivuta upande mmoja unapofunga breki, gurudumu la upande wa pili limelegea katika kazi yake. Na tafadhali, mafuta ya breki yakipungua njiani, mtu asitie oili ya injini eti yote ni mafuta. Oili ile huvimbisha mipira iliyomo katika breki, na baada ya siku chache breki zote zaharibika, pamoja na zile zilizokuwa nzima.

Tena msitegemee kwamba breki njema itafuta kasi. Motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, na tangu jicho lione mtoto mpaka mguu ufike kwenye breki yapita kama sekunde moja. Kwa hiyo mita 22 zimekwenda kabla breki haijaguswa. Kisha, kasi ikiwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga huwa mara nne. Wanafunzi wetu huvuka barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga kila asubuhi. Dereva apitaye hapa kama kwamba Mwabungo ni msitu usio na watu, mwambieni, hata akiwa ni ndugu yenu, na ninyi abiria hasa.

Sasa tairi. Uzito wote wa motokaa, pamoja na watu na magunia, husimama juu ya tairi nne, na kila tairi hugusa ardhi kwa sehemu iliyo karibu sawa na kiganja cha mkono. Viganja vinne tu ndivyo vituwekavyo njiani katika mvua ya masika. Upepo ukipungua, tairi hujikunja pembeni kila inapozunguka, hupata moto, na mwisho hupasuka, na mara nyingi hupasuka kwenye mwendo wa kasi hali mzigo ni mzito. Kupiga teke tairi na kusema “iko sawa” si kupima. Kuna kipimo kidogo, bei yake si kubwa, nacho hutumiwa asubuhi kabla motokaa haijaenda, kwa maana tairi ikipata moto upepo wake hupanda na kipimo hudanganya. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa katika kibandiko, mara nyingi penye nguzo ya mlango wa dereva, na mara nyingi vimeandikwa viasi viwili: cha motokaa tupu na cha motokaa yenye mzigo. Msisahau tairi ya akiba. Nayo hupungukiwa na upepo huko iliko, ikangoja siku utakayoihitaji usiku wa manane.

Jambo la pili katika tairi ni umri. Wengi hutazama meno tu. Meno yatazamwe, ndiyo. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira, na meno yakilika mpaka yakalingana na vinundu hivyo, yamebaki milimita 1.6, na tairi imekwisha kazi yake. Lakini mpira huzeeka hata usipolika, na jua letu huuzeesha upesi. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yaanzayo na DOT, kuna tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Watengenezaji wengine husema tairi ikaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na isitumiwe kabisa baada ya miaka kumi. Ukienda kununua tairi ya mtumba, ambayo meno yake yameng'aa kwa dawa nyeusi, inama usome tarakimu zile kabla hujatoa fedha. Muuzaji akikasirika kwa kuwa unasoma, umekwisha kupata jibu.

Na kwa kuwa tairi haina budi kubadilishwa njiani, niseme neno moja juu ya jeki. Ardhi yetu ni mchanga. Jeki ikiwekwa juu ya mchanga huzama upande mmoja na motokaa huanguka. Chukueni kipande cha ubao kipana mkiweke chini yake. Legezeni naati kabla ya kuinua. Zuieni gurudumu la upande mwingine kwa jiwe. Na mtu asiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuchukua naati iliyobingirika. Baada ya kufunga gurudumu, naati zikazwe tena mkisha kwenda kilomita chache.

Juu ya maji ya rejeta. Wengi wetu tumezoea kuchota maji kisimani na kujaza. Visima vyetu vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, na maji yake yana chokaa; karibu na pwani yana na chumvi pia. Mtazame ndani ya birika lenu la chai mtaona ukoko mweupe. Ukoko huo huo hujenga ndani ya njia ndogo za rejeta mpaka maji yasipite, nayo injini huchemka. Tumieni maji ya dawa yauzwayo madukani, waitayo kulanti. Maji ya kisima yawe ya kuwafikisha kwa fundi tu siku ya shida. Sindano ya joto ikipanda, simameni. Wala msifungue kifuniko cha rejeta hali injini ina moto, kwa sababu maji yaliyomo yamezuiwa kwa nguvu, nayo huruka usoni. Ngojeni nusu saa, hata kama abiria wananung'unika.

Oili sina maneno mengi, maana hiyo wengi waijua: itazamwe kila juma, motokaa ikiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika chache, na ibadilishwe kwa wakati. Mwenye kuongeza oili kila juma bila kuibadilisha ajue kwamba anaosha nguo kwa maji machafu.

Betri ndiyo ituangushayo usiku. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake huzuia umeme usipite. Fungueni waya, kwanza ule wa alama ya kutoa. Osheni vichwa kwa maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo, pasipo kuyaingiza ndani ya betri. Kausheni, fungeni kwa kukaza, mpake girisi. Ni kazi ya robo saa. Motokaa ambayo kila asubuhi husukumwa na watoto ndipo iwake, mwenyewe asijitolee kuwa ndiye wa kupeleka wagonjwa. Atukopeshe nafasi ya kuiegesha tu. (Hapa watu walicheka, lakini mimi sikusema kwa mzaha.)

Taa ni kwa ajili ya kuona na pia kwa ajili ya kuonekana. Motokaa yenye taa moja mbele, anayekuja hudhani ni pikipiki, naye huijia karibu mno. Muulize mtu asimame nyuma unapokanyaga breki akuambie kama taa nyekundu zinawaka, kwani dereva mwenyewe hawezi kuziona. Motokaa ikiharibika njiani, vibao vya pembetatu viwekwe mbali, hatua hamsini au zaidi. Desturi ya kukata matawi na kuyatandaza barabarani ina shida mbili: usiku hayang'ai, na mwenye kuyaweka huondoka akayaacha, kesho bodaboda yakamwangusha.

Mkanda wa usalama wa pointi tatu, huu tulio nao, ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo, mwaka wa 1959, na kampuni ile ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Huku kwetu amri za Waziri John Michuki zilizoanza kutumika Februari 2004 ziliwataka abiria wa matatu wafunge mikanda, na magari yawekewe vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kwa muda watu walitii. Sasa mikanda mingi imefichwa chini ya viti, imegeuka kamba ya kufungia mzigo. Na mama zangu mniwie radhi: kumpakata mtoto kiti cha mbele si kumlinda. Motokaa ikisimama kwa kugonga, hakuna mikono ya mzazi iwezayo kumzuia. Mtoto akae nyuma, na afungwe.

Neno la mwisho juu ya hatari ni la Likoni. Tarehe 29 Septemba 2019, motokaa moja ilirudi nyuma ikatumbukia baharini kutoka katika feri MV Harambee, na mama na binti yake mdogo wakafa. Motokaa haikutolewa majini mpaka tarehe 11 Oktoba. Sisemi kilichoiteremsha, maana si kazi yangu kuhukumu. Nasema tu kwamba breki ya mkono ni ya waya, na waya wa pwani hushikwa na kutu. Ijaribuni mahali penye mwinuko: ikivutwa, motokaa isimame bila mguu. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe, wengine hawapiti tena feri. Lakini wapitao, wakisha kuegesha wavute breki ya mkono, wazime injini, waache gia imeshika, au P kwa zile zijibadilishazo, na vioo viwe wazi. Wawezao kushuka washuke.

Sasa nafika kwenye maombi ya kamati. Motokaa zetu nyingi zilikuja zimekwisha kutumika Ujapani. Kanuni ya Kenya haikubali kuingizwa iliyopita miaka minane, lakini ikisha kuingia hupita mikononi mwa watu watatu au wanne, na hakuna ajuaye imefanyiwa nini. Kwa hiyo kamati yaomba mambo mawili. Kwanza, kila motokaa ya mwanachama iwe na daftari lake ndani, ambamo yataandikwa tarehe na kilomita za kila kazi: oili, mafuta ya breki, pedi, tairi pamoja na zile tarakimu nne. Namba za kilomita kwenye dashibodi mtu aweza kuzirudisha nyuma, lakini daftari lililoandikwa kwa miaka mitano na kalamu mbalimbali ni vigumu kulighushi. Pili, mkopo wa kununua motokaa usitolewe mpaka fundi aliyechaguliwa na kamati aitazame chini, si juu tu, na kutia sahihi. Nafahamu kwamba wengine wataona tunawachelewesha. Lakini mkopo ni fedha za wajane na wakulima waliomo humu, na motokaa iliyooza haiwezi kulipa mkopo.

Kipimo cha upepo, jeki, ubao wake na vibao viwili vya pembetatu vimenunuliwa, navyo vimo katika kabati la ofisi. Mwanachama yeyote aweza kuviazima kwa kutia sahihi. Ofisi hufunguliwa Jumamosi saa tatu ya asubuhi, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi fundi mmoja atakuwapo chini ya mwembe mpaka saa sita kwa wale watakao kufundishwa kupima. Njooni na motokaa kabla hazijapata moto, na anayekuja aegeshe mbali na minazi.